Bi Mwanakombo wa Mlango wa Kijani

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, namfupishia: mie Tunu sijapata kufika Unguja.

Miaka ishirini na mitatu watu wa mtaani kwetu Temeke wamekuwa wakipita kwangu kuulizia safari ya Unguja. Apande vipi, ale nini, asifanye nini. Nami nimewajibu wote. Na sijapata kufika.

Nilieleza namna ilivyoanza. Nilikuwa mke wa miezi minne. Watu wakanisindikiza kwa vigelegele, naenda Unguja na mume wangu Kondo. Gatini Kondo akanipa talaka, akapanda meli peke yake. Haya zikanishika. Sikurudi nyumbani, nilivuka maji nikaenda kujificha kwa shangazi yangu Mjimwema, mwezi mzima, kila meli ya Unguja inapita naiona. Kisha nikanunua halua kwa Mwarabu wa mjini, nikarudi kwetu, nikasema nimetoka Unguja, na Kondo nimemwacha huko huko maana hanifai.

Nilidhani uongo ule utakwisha halua ikiisha.

Leo nasema habari ya Kokushubila. Ndiyo hii niliyokuwa naizungukazunguka wiki zote hizi.

Alikuja baada ya sala ya alasiri. Mie na jirani yangu Mauwa tumekaa barazani tunasuka ukili.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Pita. Viatu vua hapo, mkeka mpya huu."

Kokushubila alikuwa mke wa Revelian, karani wa ghala moja karibu na stesheni. Wahaya, watu wa Bukoba, nyumba yao inatazamana na yangu. Mwaka wa tatu ule tangu wahamie. Watu wa kanisa, wapole. Jumapili akitoka misa hapiti mlangoni kwangu mikono mitupu. Ikikosekana ndizi basi hata kipande cha sabuni.

Siku ile macho yake yalikuwa mekundu.

"Bibi, nataka kwenda Unguja. Mdogo wangu Demetria anaumwa."

Habari zake nilikuwa nazijua nusu. Demetria alikuwa yaya kwa watu fulani wa mjini, wakahamia Unguja wakaenda naye. Kule akapata mimba, wakamtoa. Sasa amejifungua, anaumwa, na barua ya mwisho aliandika kwamba anakaa kwa watu.

"Watu gani?" nikamwuliza.

"Hakusema. Barua yenyewe ya miezi miwili. Nataka nikamtafute nimrudishe, yeye na mtoto, kabla hajanifia."

"Mumeo?"

"Hapati ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Nitakwenda peke yangu. Watu wote wananiambia, nenda kwa Bibi Tunu, huyo anaijua Unguja kama kiganja chake."

Mauwa akacheka. "Tena ukimwachia hatanyamaza. Kaa vizuri, mama, utie na mto."

Msomaji, nitasema jambo la kujitetea, kisha sitajitetea tena mpaka mwisho. Ushauri wangu ulikuwa mzuri. Kila aliyetoka Unguja alipita kwangu kunishukuru, namtilia kahawa, namwuliza, "Hebu nambie, pale forodhani bado pako vile vile?" Naye atamwaga yote: nani kafukuzwa, nani kaibiwa, nani kajitapikia. Mie naweka. Mwingine akija nampa ya yule wa kwanza. Sikumpa mtu maneno mabovu hata siku moja, ila jina moja tu, na hilo nalifikia.

"Sikiliza basi," nikamwambia Kokushubila. "Meli inang'oa saa nne. Wewe uwe gatini saa kumi na mbili na nusu. Nenda na mkeka wako, deki hakuna kiti. Ukipanda, kaa upande wa kushoto. Jua la asubuhi linapiga kulia, na wageni wote hukimbilia kulia waione bahari. Waache waungue."

Akatoa kijitabu kwenye kikapu, akawa anaandika. Alisomeshwa na masista, mwandiko wake mzuri sana, kama uliopigwa chapa.

"Siku ile usile cha nazi. Hata kama mumeo amekupikia kwa mahaba."

"Mume wa kibara apike!" akasema Mauwa. "Bibi naye."

"Muhogo wa kuchoma, basi. Na ndimu mbili, moja ya kunusa, moja ya kulamba. Bahari ikichafuka usitazame maji. Tafuta mtu mwenye sura mbaya umkazie macho, utasahau tumbo."

"Akimkosa?" akauliza Mauwa.

"Akimkosa amkumbuke Mauwa."

Kokushubila akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. Nikafurahi. Nilikuwa napenda kazi ile, sitaficha.

"Cheti cha chanjo usikitie kasha. Kifunge pembe ya kanga, hapa kifuani. Yule wa afya hana subira ya kungoja mtu afungue kamba. Ukishuka, hamali kumi watakuvamia. Anayekuvuta usimpe mzigo, mpe aliyesimama. Vaa kanga mbili, moja ya kujitanda. Wewe Mkristo, hakuna atakayekulazimisha, lakini utapata njia kwa urahisi. Watu wamekaa barazani usiwapite kimya. Salamu kwanza, hata kama huwajui. Ukiwapita kimya, ukirudi kuulizia njia hawatakuona."

"Nikipotea?"

"Utapotea. Vichochoro vya mji ule havinyooki. Mwulize mwenye duka, huyo hawezi kuliacha duka akufuate. Anayekuambia 'twende nikupeleke', mwambie asante, unamngoja kaka yako. Na wakati wa kurudi, usibebe karafuu hata konzi ya kutilia chai kama huna karatasi yake, watakupekua mpaka unywele. Doriani pia, tunda lile linalonuka, usipande nalo. Deki nzima watakutia majini wewe na doriani lako."

Akaandika yote. Halafu akainua kichwa.

"Na kulala, Bibi?"

"Kulala utalala kwa mtu wako."

"Sina mtu."

Miaka ishirini na mitatu hakuna aliyewahi kuniambia neno lile. Waliokuwa wakija kwangu walikuwa watu wetu wa pwani. Huyu ana mjomba Ng'ambo, yule ana mke mwenza wa mama yake, mwingine kanyonya ziwa moja na mtu wa Funguni. Sie hatutoki nyumbani mpaka tujue tunafikia kwa nani. Kokushubila kwao ni ziwa jingine kabisa, siku nne za safari. Unguja hana hata wa kumpa maji.

"Si yupo Bi Mwanakombo wako?" akasema Mauwa.

Hilo ndilo jina.

Nilipotoka Mjimwema na halua yangu, wanawake waliniuliza, ulikaa kwa nani? Pale pale nikamzaa Bi Mwanakombo. Nikampa nyumba Malindi ya Unguja, nikampa mlango wa kijani, nikampa jino la dhahabu. Nikasema jioni tulikuwa tukikaa barazani tunasukana nywele. Kila mwaka nilimwongeza kitu. Na kila msafiri nikimaliza kumweleza, namalizia hivi: "Ukikwama, uliza Bi Mwanakombo wa mlango wa kijani, Malindi, sema umetumwa na Tunu." Ilikuwa kama kumtakia mtu safari njema tu. Hakuna aliyekwama. Wote walikuwa na watu wao.

Kokushubila alikuwa ananitazama.

"Atanipokea, Bibi? Mimi Mkristo, tena mtu wa bara."

Ningeweza kusema amekufa. Watu hufa kila siku. Ningemwua pale pale, wala asingelalamika. Lakini Mauwa yupo, ananitazama, na kesho mtaa mzima ungeuliza amekufa lini, nani kakuletea habari, mbona hukukaa tanga.

"Atakupokea," nikasema. "Yule hana ubaguzi. Malindi, mlango wa kijani, sema umetumwa na Tunu."

Akaandika. Nilimwona akiandika, herufi moja moja.

Jumatatu asubuhi nikapanda basi kwenda gatini. Nilikuwa nimekata shauri. Nitamwita pembeni, nitamwambia maneno mawili tu: hayupo, usiende.

Nikawakuta wamesimama karibu na mizigo: Kokushubila kajitanda kanga mpya, Revelian na shati lake jeupe la kazini, na binti yao Filomena, miaka saba, amevalishwa gauni la kanisani kuja kumuaga mama.

Revelian aliponiona akavua kofia.

"Shikamoo, Bibi. Umejisumbua kuja mpaka huku!"

"Marahaba. Nilitaka kumwambia mkeo neno."

"Ngoja kwanza mimi nikushukuru. Nilikuwa nimekataa safari hii. Nilimwambia, mwanamke peke yake ugenini, haiwezekani, na mdogo wako tumwombee tu. Aliponiambia kuna Bi Mwanakombo, mtu wako wewe, nikakubali. Bila wewe asingekwenda."

Maneno yangu mawili yakarudi tumboni.

"Revelian, mwanangu," nikasema, "huyu Mwanakombo ni miaka mingi. Huenda amehama."

"Watu wa mtaa watajua alikohamia."

"Huenda amekufa."

Kokushubila akanishika mkono. "Basi nitalala kwa watoto wake, Bibi. Usinihangaikie hivyo."

Honi ya meli ikalia. Watu wakaanza kusukumana ngazini. Ningepiga kelele angenisikia. Badala yake nikafungua pembe ya kanga nikampa ndimu zangu mbili.

"Upande wa kushoto," nikamwambia.

"Nakumbuka, Bibi."

Nikarudi na basi. Kondakta akaniuliza mbona nalia, nikamwambia vumbi.

Alisema atarudi Ijumaa. Ijumaa hakurudi. Jumatatu ya pili hakurudi. Filomena akawa anakula kwangu mchana, baba yake akiwa kazini. Kila siku swali moja: "Bibi, mlango wa kijani uko mbali na bahari?"

"Si mbali."

"Mama akikaa pale anaiona meli?"

"Anaiona. Kula."

Siku ya kumi barua ikaja.

Revelian hakuisomea kwake. Alivuka moja kwa moja mpaka barazani kwangu, penseli bado sikioni. Mauwa akaita watu. Kufumba na kufumbua tumekuwa kumi na zaidi, wengine wamesimama uani wanachungulia.

"Imetoka Unguja!" akasema Revelian, meno yote nje. "Bibi, jina lako ndilo mwanzo wa barua. Sikilizeni."

Akasoma:

"'Mume wangu, salamu nyingi, na kwa Bibi Tunu zaidi. Mwambie nimempata Bi Mwanakombo. Nilishuka nikauliza kwa sauti kama alivyonielekeza, na yeye mwenyewe alikuwa pale pale, akasema ndiye mimi. Mlango wake ni wa kijani kweli. Amenipokea kama mwanawe. Anasema hajamsahau Tunu, walivyokuwa wakisukana nywele barazani.'"

Vigelegele vikapasua uwanja. Mauwa akanipiga bega.

"Watu wa zamani hao! Miaka ishirini na mitatu hajakusahau!"

Nilitaka kutabasamu, mdomo ukakataa. Nyumba nzima inashangilia, na mie peke yangu najua kwamba mwanamke yule hayupo. Aliyesema "ndiye mimi" alimwona tu mgeni mwenye kasha anatangaza jina. Mengine yote Kokushubila kampa mwenyewe kwa mdomo wake: mimi, nywele, baraza. Hata mlango, nani anajua kama ni wa kijani.

Revelian akaendelea:

"'Demetria bado hajaonekana. Bi Mwanakombo amesema nisihangaike na jua, watu wake wanamtafuta. Karatasi zangu na cheti changu amenihifadhia. Amesema Demetria akipatikana hataweza kusafiri mapema, na mtoto mchanga anahitaji wa kumshika. Kwa hiyo umlete Filomena aje kunisaidia. Ukipata mtu mwaminifu anayekuja huku, mpe. Bi Mwanakombo atampokea mwenyewe gatini.'"

Akageuza karatasi.

"'Mwandiko si wangu, nimeumia kidole kwenye ngazi ya meli, naandikiwa.'"

Revelian akaitazama ile karatasi. Karani ni karani, nikaona jicho lake limesimama pale.

"Kama ingekuwa nyumba nyingine," akasema polepole, "ningesita. Barua asiyoiandika mwenyewe, halafu inamtaka mtoto. Lakini kwa Bi Mwanakombo…" Akanigeukia. "Bibi, nyumba ile unaijua wewe. Nimpeleke mtoto?"

Wote wakanitazama. Filomena alikuwa kaniegemea gotini.

"Utampeleka lini?" nikauliza.

"Mwisho wa mwezi, nikipata ruhusa. Nitampeleka mwenyewe."

Mwisho wa mwezi. Siku kumi na tisa. Nikajiambia, Tunu, una siku kumi na tisa. Utamwita faraghani, utamweleza taratibu, hakuna haja ya kuaibika mbele ya Mauwa na nusu ya Temeke.

"Bibi?" akasema Revelian.

"Mwanakombo ni mtu wa watu," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Sikulazimishwa. Nimeyaandika hapa kama yalivyotoka.

Kesho yake nikajifanya naumwa. Nilijifunika kanga mpaka kichwani, Revelian akija kunijulia hali nisionekane macho. Alikuja mara mbili, siku ile na kesho yake. Mara ya pili nilimsikia mlangoni akimwambia Mauwa, "Nilitaka kumwuliza neno kuhusu safari, lakini mwacheni alale."

Nami nikalala.

Mauwa akaniletea uji, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Homa gani hii haina joto?"

"Ya ndani."

"Ya ndani," akanikejeli. "Wivu huo. Mwenzio kapata mgeni mpya, unaona atasahau nywele zako. Kunywa uji."

Alipotoka nikakaa kitako. Nikajiuliza, Kokushubila sasa hivi anafanya nini? Cheti chake amenyang'anywa, kwa hiyo kurudi hawezi. Kidole kimemuuma, au amekataa kuandika? Yule mwanamke anamtakia nini mtoto wa miaka saba? Kila jibu nililolipata lilikuwa baya kuliko la kwanza. Na kila jibu mwanzo wake ni mie, nimekaa barazani na halua yangu ya uongo.

Jumamosi mchana nikavaa buibui langu, nikavuka njia. Niliona heri Mauwa ajue, na Temeke yote ijue, na watoto wazomee.

Revelian alikuwa ndani, ametoka kazini, anapiga pasi suruali. Nyumba kimya.

"Bibi! Umepona? Karibu kiti."

"Sikai. Nikikaa sitasema."

Akaweka pasi pembeni.

"Bi Mwanakombo hayupo," nikasema.

"Hayupo wapi?"

"Hayupo popote. Hajazaliwa. Nilimtunga mie."

Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Bibi, homa bado. Barua imesema anakukumbuka."

"Anakumbuka nini? Mie Unguja sijakanyaga, Revelian. Mwezi ule nilikuwa Mjimwema, ng'ambo hapo tu, kwa shangazi yangu. Mume wangu aliniacha gatini. Aliyenisuka nywele ni shangazi, naye yuko kaburini. Jino la dhahabu nililiona kwa mke wa Mhindi wa duka la vitambaa. Mlango wa kijani ni wa msikiti wa kwetu tulikozaliwa."

"Lakini umewaelekeza watu miaka yote…"

"Kwa maneno yao wenyewe. Wakirudi nawauliza, wengine wakija nawaambia. Jina lile ndilo langu peke yangu. Kila mtu alikuwa na pa kufikia, hakuna aliyelihitaji. Mkeo ndiye wa kwanza."

Tabasamu likawa linamtoka kidogo kidogo. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige.

"Basi aliyempokea mke wangu ni nani?"

"Sijui."

"Ulijua tangu siku ya barua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nikakuuliza mbele ya watu, nimpeleke mtoto."

"Ulisema mwisho wa mwezi, mwanangu. Nilidhani nina nafasi ya…"

Macho yangu yalikuwa yameangukia ukutani. Msumari uliokuwa unatundikwa gauni la kanisani ulikuwa mtupu.

"Filomena yuko wapi?"

Revelian alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Revelian. Mtoto yuko wapi?"

"Mwinshehe alikuwa anakwenda kwa kaka yake," akasema. Mwinshehe ni mzee wetu wa nyavu, mtu mwaminifu hakuna mfano wake. "Jana akaniambia, kama kuna mzigo wa Unguja nimpe. Nikaja kwako nikuulize kama nimpe mtoto aende naye, au ningoje. Umelala. Nikasema, si amekwisha sema mwenyewe, ni mtu wa watu?"

"Meli ya lini?"

"Ya leo. Saa nne."

Pasi ilikuwa inaunguza kitambaa cha meza, moshi unapanda, hakuna aliyeigusa. Nje adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha zamani.

"Piga mbio posta," nikamwambia. "Peleka simu ya maandishi, wamzuie gatini."

"Simu niipeleke kwa nani?" Sasa sauti ikapanda. "Niandike nini, Bibi? Kwa mlango?"

"Basi naondoka mie. Chombo chochote, leo hii, nitamtafuta mtaa kwa mtaa, nita…"

Akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo sijalisahau mpaka leo. Alinitazama kama mtu aliyetazama ramani akakuta haina kitu.

"Wewe?" akasema. "Utakwenda wapi, Bibi? Hujui njia."